Barua kwa mwanangu: fanya mtihani, urudi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikigusa tu habari ya viza, "mama, mtandao unakata." Mtandao huohuo ukiongea na dada yako haukati. Basi barua hii nampa kijana wa basi la alfajiri, ukaichukue Mbezi mwenyewe, usimtume mtu.

Hongera tena kwa ule mtihani wa Nairobi, wa kwanza kati ya ile miwili ya madaktari wa nje wanaotaka kusajiliwa Uingereza. Maswali 180 kwa saa tatu, na basi ulilipanda ukitoka zamu ya usiku! Baba yako amewatangazia watu wote pale kwenye kahawa, hadi muuza kashata ananiita Mama Daktari. Naitika.

Huo wa pili, wa Manchester, umenieleza nikauelewa. Vyumba 16, dakika nane kila kimoja, na mgonjwa mwenyewe wa kuigiza. Nilicheka, lakini wana akili. Wewe una kasoro moja, niliiona ile wiki uliyokuja wodini kwetu kabla sijastaafu: unamuuliza mgonjwa huku unaandika. Yule bibi alisema tumbo, mkono wake uko kifuani, na wewe kichwa kimezama kwenye faili. Mwigizaji naye atashika kifua. Mtazame kwanza, kalamu baadaye. Siku ile nilikusema mbele ya manesi wenzangu. Pale hapakuwa mahali pake.

Sasa lililonikalisha chini. Fanya mtihani, urudi.

Mtoto wa mjomba wako wa Leicester alinipigia. Anasema tiketi ya kurudi ni ya kuonyesha tu, ukishafika atakuingiza kwenye nyumba za wazee usubiri matokeo huku mkono unaenda kinywani. Wenzake wengine, anasema, walijilipua, wakabaki hukohuko, na leo wana nyumba. Mimi nimeogesha wazee miaka 31, kazi hiyo siidharau. Lakini viza yako ni ya mgeni, si ya kazi. Mbeba boksi akirudishwa anashuka uwanja wa ndege, anaanza upya. Daktari akirudishwa anashuka na doa lake, na kila utakapoomba usajili watakuuliza, huko na hata hapa kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Hiyo barua ya Baraza ya kusema huna kosa, unadhani watampa mwenye doa?

Tena nikuambie. Juzi redioni nimesikia madaktari wa kutoka nje waliofaulu mitihani yote miwili, wamesajiliwa, na kazi hawana. Wanaomba hapa, wanaomba pale, kimya. Na Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2023, nchi 55 ambazo zenyewe hazina wahudumu wa afya wa kutosha. Waingereza wamejizuia kuja kuwachukua watu huku, ila ukijipeleka mwenyewe wanakupokea. Maana yake, mwanangu, hakuna aliyekuita. Ukikwama kule hakuna mlango wa kubisha ukasema "ninyi ndio mlionileta."

Ukipata kazi kwa karatasi, ukiwa hapahapa, nenda. Nitakufungia mabegi mwenyewe. Sikuzuii kwenda, nakuzuia kukaa.

Wala usidhani nasema hivi kwa kuwa mimi ni mtu wa kung'ang'ania nyumbani. Mwaka 1997, una miaka miwili, nilijaza fomu za Botswana. Wengi walienda enzi zile, madaktari na manesi. Picha za pasipoti bado zimo kwenye kopo la biskuti, chini ya vifungo. Baba yako hajui, na usimwambie. Sikuacha kwa ajili yako wala yake, msijisifu. Fomu ilitaka barua ya mwajiri, nikaogopa kwenda kuiomba. Kwa hiyo nikikusema sana kuna siku najisema mwenyewe.

Deni la Bodi ya Mikopo usilisahau. Hapa asilimia 15 wanaikata kwenye mshahara kabla hujaiona, ukiwa kule utalipa kwa hiari yako, na hiari yako naijua. Ile hela ya mtihani niliyokutumia usiulize ilikotoka. Baba yako anachojua, bati bado ziko kwa fundi.

Yeye sukari yake inapanda na kushuka. Asubuhi ananiambia amekula muhogo wa kuchemsha, na mfukoni mwa kanzu nakuta karatasi ya maandazi ina mafuta mpaka imeng'aa. Mpigie umseme wewe, mimi amenizoea. Vile vijiti vya kupimia vimebaki sita, ukipita Kariakoo nunua kopo mbili, uangalie tarehe ya mwisho. Tenki limepasuka upande wa mwembeni, tunakinga maji kwa ndoo. Yule kuku mweusi ametotoa tisa, mwewe kachukua wawili.

Sweta la marehemu bibi yako nimelifua, limo kwenye mfuko huu pamoja na ubani. Ni la rangi ya ajabu lakini ni zito, na chini ya koti nani atakuona.

Tiketi nipigie picha unitumie. Ya kwenda sina haja nayo. Nitumie ya kurudi, na tarehe isomeke.

Mama yako