Risala ya vijana wafyatua tofali kwa mgeni rasmi, kilele cha Wiki ya Maji, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, viongozi wa meza kuu, wazee wetu na ndugu zetu wa mamlaka ya maji, mwangaluka!

Kwanza tunakushukuru sana kwa kuja kukaa na sisi watu wa simenti na mchanga leo hii 22 Machi, tunajua una majukumu mengi ila umekuja, Mungu akubariki.

Mheshimiwa, sisi ni kikundi cha vijana, wakaka kwa wadada, tunafyatua tofali za bloku na kazi yetu inakunywa maji kwelikweli. Tofali ikitoka kwenye mashine bado haijawa tofali, inatakiwa imwagiliwe asubuhi na jioni angalau siku saba, ukizembea tu jua la Tabora linaikausha kabla haijakomaa, ukiinyanyua kona inabaki mkononi. Sasa maji yote hayo tunachota bombani, na maji ya bomba siku hizi ni ya Ziwa Victoria, yanavutwa kule Ihelele Misungwi, yanasafishwa, yanasukumwa kwa umeme yanapita Solwa, Nzega, mpaka yatufikie huku, alafu sisi tunakuja kuyamwagia tofali! Mheshimiwa inatuuma, wazee waliopo hapa waliotegemea bwawa la Igombe miaka na miaka wanajua thamani ya ndoo moja ya maji safi.

Ombi letu kubwa ni hili, majitaka ya mji huu yatibiwe vizuri alafu tuuziwe sisi wa tofali, wa kuosha magari, na maboza yanayomwagia vumbi barabarani na kwenye ujenzi wa reli ya SGR, maji ya ziwa yabaki ya kunywa na kupikia.

Najua kuna watu hapa wanakunja pua, naomba mnisikilize. Majitaka yanapita bwawa kwa bwawa. La kwanza lina kina kirefu, uchafu mzito unatuama chini na vijidudu visivyohitaji hewa vinauozesha. La pili ndo lile la kijani, mwani unatoa oksijeni na vijidudu wengine wanamalizia uchafu uliobaki. Yale ya mwisho yana kina kifupi makusudi ili jua lipenye liue vimelea, na mayai ya minyoo yanakuwa yameshazama kwa kukaa siku nyingi. Jua tunalo la kutosha mheshimiwa, kazi ni kuyasimamia mabwawa na kuyatoa tope yakijaa, maana bwawa likijaa tope maji yanapita juujuu bila kutibika. Nchi yetu ina kiwango chake, BOD, yaani kile kipimo cha uchafu unaomaliza oksijeni kwenye maji, isizidi miligramu 30 kwa lita, basi tupimiwe tuoneshwe.

Wenzetu wameshafanya. Durban pale Afrika Kusini mwaka 2001 walifungua mtambo wa kusafisha majitaka ya mji, uwezo wake lita milioni 47.5 kwa siku, maji yakaenda kiwanda cha karatasi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Marekani kituo cha nyuklia cha Palo Verde kipo jangwani kabisa huko Arizona, mitambo yake inapozwa kwa majitaka yaliyosafishwa ya miji ya jirani.

Hatusemi maji haya yanafaa kila kitu. Kwenye boila chumvi inaganda ndani ya mabomba, amonia nayo inakula shaba, kwahiyo mwenye kiwanda cha hivyo lazima ayasafishe tena. Zege la nondo pia hapana mpaka yapimwe chumvi, ila kumwagilia bloku hayana shida. Na sisi wenyewe tutavaa glavu na buti, bomba lipakwe rangi ya zambarau kama wanavyofanya wenzetu, liandikwe sio maji ya kunywa, maana watoto wanapita kiwandani kwetu wakitoka shule na mtoto akiona koki anainama anakunywa.

Mheshimiwa, tunaomba uwakalishe pamoja mamlaka ya maji, manispaa na sisi watumiaji, tujengewe tenki na bomba la peke yake kutoka mabwawani, bei iwe chini ya maji ya kunywa, na majibu ya maabara yabandikwe kila mwezi pale tenki lilipo tuyasome wenyewe. Mtaro wa bomba tutachimba sisi kwa mikono yetu, majembe na sururu tunazo, hata mkituambia tuanze Jumatatu tutakuwepo.

Naomba kuwasilisha.