Mafuta ya breki ya MGB yako: DOT ipi?

Rafiki yangu Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Barua yako ya kuuliza utie mafuta gani ya breki kwenye MGB yako, gari la michezo la zamani la Uingereza, nimeisoma, na kabla hujamimina chochote kwenye masta silinda (ile inayosukumwa na pedali) nakuomba jambo moja: usinunue DOT 5 kwa sababu tu 5 ni kubwa kuliko 4. Namba hizo zimetokana na viwango vya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani (DOT), na si ngazi ya kupanda kutoka mafuta duni kwenda mafuta bora. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 zote ni za glaikoli. Zinachanganyika, na zote hunywa maji. DOT 5 ni silikoni, hainywi maji wala haichanganyiki na hizo nyingine. Jina la 5.1 limewapoteza wengi, kwa hiyo soma kopo vizuri.

Kazi ya mafuta ya breki ni kusukuma bila kuchemka. Ukishuka mlima mrefu huku umekanyaga breki, joto la diski hupita kwenye pedi, likaingia kwenye pistoni, likafika kwenye mafuta. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke unabonyea. Pedali inazama mpaka sakafuni na gari halisimami. Ndiyo sababu kila daraja limewekewa viwango viwili vya chini vya kuchemka: mafuta yakiwa mapya, na yakiwa yameshanywa maji ya asilimia 3.7. DOT 3 ni nyuzi 205 za Selsiasi na 140. DOT 4 ni 230 na 155. DOT 5 na 5.1 ni 260 na 180. Sasa linganisha DOT 4 iliyochoka na DOT 3 iliyotoka kopo leo: 155 kwa 205. Umri wa mafuta una uzito kuliko namba ya kwenye kopo.

Kwa gari lako nashauri DOT 4, ibadilishwe kila baada ya miaka 2, hata kama gari limelala muda mwingi. Maji hayangoji safari. Huingia kwa tundu la kupumulia kwenye kifuniko na hupenya taratibu kwenye hosi za mpira. DOT 5.1 haitadhuru, lakini sifa yake nyingine ni kubaki nyepesi kwenye baridi kali, jambo linalosaidia vali ndogo za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama ukifunga breki), na MGB haina ABS.

Najua kinachokuvuta kwenye silikoni: haili rangi ya gari, na gari linaweza kuegeshwa muda mrefu bila mafuta kunywa unyevu. Ni kweli. Ila unyevu ukiingia hauna pa kujificha. Maji ni mazito kuliko silikoni, hivyo hutuama chini kabisa, ndani ya kalipa (kinachobana pedi kwenye diski za mbele) na silinda za magurudumu ya nyuma. Pale hutafuna chuma mahali pamoja, na kwenye kalipa yenye moto huchemka kwa nyuzi 100 tu. Silikoni pia hushika viputo vya hewa ukiitikisa au kuimimina kwa haraka, na pedali hubaki na ulaini fulani. Kama swichi ya taa zako za breki inasukumwa na presha ya mafuta, nayo mara nyingi hufa mapema ikiwa ndani ya silikoni. Ukiamua kuitumia, fungua mfumo wote: badilisha raba zote na hosi zote, safisha mabomba kwa spiriti, yakauke kabisa, ndipo ujaze. Kumwaga ya zamani na kuweka silikoni juu ya mabaki ni kosa.

Kwanza jua kilichomo sasa. Usiamini rangi, maana DOT 5 hutiwa zambarau lakini hupauka na uzee. Vuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, yatie kwenye chupa ya kioo yenye maji, funga na utikise. Glaikoli itayeyuka isionekane tena. Silikoni itajitenga na kupanda juu. Mafuta ya injini au ya gia nayo yatapanda juu, na hiyo ndiyo hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu raba za breki huvimba zikiguswa na mafuta ya aina hiyo. Angalia raba ya kifuniko cha masta silinda: ikiwa imetanuka, laini, haikai tena mahali pake, fahamu kuwa aliyekutangulia alitia mafuta yasiyo yake. Hapo kusafisha hakutoshi, raba zote zinatoka.

Ukikuta ni glaikoli, kazi ni nyepesi. Nunua makopo 2 ya nusu lita yaliyofungwa. Yanatosha kwa breki na klachi, maana klachi yako pia ni ya mafuta haya haya. Kopo lililokaa wazi kwa miezi usilirudie.

Anza na breki za nyuma kabla ya kugusa mafuta. Nyuma ya kila sahani ya breki (bamba linaloshikilia viatu vya breki) kuna kirekebishi chenye kichwa cha mraba. Kikaze mpaka gurudumu likwame, kisha ulegeze kidogo kidogo mpaka lizunguke. Pedali inayoshuka sana kabla ya kushika mara nyingi ni viatu vya breki vilivyokaa mbali na dramu, na mtu hushinda mchana kutwa akitoa upepo usiokuwepo.

Kisha nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo cha masta, weka mapya, na uanze na gurudumu la mbali zaidi. Kwa gari la usukani wa kulia ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Vika mpira wa plastiki angavu kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha yake izame kwenye mafuta safi ndani ya chupa. Mwenzio akanyage polepole, fungua, funga kabla hajaachia. Kwanza hutoka mafuta ya kahawia kama chai ya rangi, pengine na vumbi jeusi la raba. Endelea mpaka yapite yaleyale uliyomimina, bila kiputo. Tazama kikopo kila baada ya mikanyago michache, kisikauke hata mara moja.

Mwambie mwenzio asikanyage mpaka mwisho. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Pistoni ya masta silinda ya zamani imezoea sehemu moja tu ya njia yake. Mbele ya hapo kuna kutu na vishimo, na raba ikipitishwa huko midomo yake huchanika. Breki zilizokuwa nzima asubuhi huanza kuzama jioni kwa sababu hiyo.

Ukimaliza, kanyaga kwa nguvu kwa dakika moja. Pedali ikishuka polepole bila kuona tone nje, raba za masta zimekwisha. Gurudumu likibaki limeshikwa baada ya kuachia, shuku hosi: huvimba ndani na kuzuia mafuta kurudi, ilhali nje inaonekana nzima.

Weka ndoo ya maji karibu muda wote. Tone la DOT 4 likigusa rangi, limwagie maji hapo hapo. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kulisambaza. Niandikie umekuta nini kwenye ile chupa ya kioo.

Wako,
Hamisi