Barua kwa Rafiki Anayetaka Kufundisha Afya Mtandaoni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, pamoja na swali lako: mwalimu wa afya ana kazi gani, ikiwa masomo yamekwisha kuandikwa, video zimekwisha kurekodiwa, na mwanafunzi hujisomea peke yake kwa saa anayoitaka?

Sehemu kubwa ya siku yangu hupita katika kusoma kazi za wanafunzi na kuzijibu kwa maandishi. Ugumu uko katika kupima msaada unaotosha, kwa sababu jibu likitolewa mapema mno humnyima mwanafunzi nafasi ya kujisahihisha. Chukua zoezi la mapigo ya moyo: mwanafunzi akiwa ametulia huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, huhesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha huzidisha mara 4. Mmoja aliniletea jibu la mapigo 18. Ningeweza kumwambia kwamba amesahau kuzidisha, tukamaliza. Nilichomwomba ni kulinganisha jibu lake na kiwango cha kawaida cha mtu mzima aliyepumzika, yaani mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, na kunieleza anaonaje. Alirudi na 72, tena na swali ambalo halikuwamo katika somo: mbona wanariadha wengi huwa chini ya 60? Sikumpa jibu. Nilimwelekeza kwenye sura inayoeleza jinsi moyo uliozoea mazoezi unavyosukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, naye akalipata mwenyewe. Wapo wanaouona ufundishaji wa namna hii kuwa uvivu wa mwalimu. Wangejua muda unaotumika kutunga swali moja zuri, wangenyamaza.

Tena somo hili lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa anayeandika kuhusu usingizi, chakula au hofu anaandika kuhusu mwili wake na mambo ya nyumbani kwao. Kwa hiyo shajara ya mlo siitolei alama kwa kuangalia uzito wa mtu; ninachopima ni jinsi anavyoichambua. Lakini mwanafunzi akidokeza kwamba amechoka kuishi, subira yote hukoma: namweleza waziwazi kwamba siri hiyo siwezi kuitunza peke yangu, na papo hapo namjulisha mshauri nasaha. Wanaoniuliza kuhusu dalili zao nawaelekeza kwa wahudumu wa afya, hata wakinuna, kwani mimi si daktari.

Wala usiwaamini wanaodai kwamba kila kitu hufundishika kwa mbali. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba kifua cha mtu mzima ambaye moyo wake umesimama hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, ila mikono yake haitajua kina hicho kinadai nguvu kiasi gani mpaka afanye mazoezi juu ya mwanasesere, mkufunzi akiwa kando.

Kabla hujatia saini mkataba, waulize utapewa wanafunzi wangapi, na ni nani atakayepokea simu yako usiku mmoja wao akiwa hatarini. Wakikujibu, niandikie tuyapime majibu hayo pamoja.

Wako daima,
Rafiki yako