Barua ya Malalamiko: Salio la Shilingi 111,000 na Nilivyotendewa Mapokezini

Kwa Meneja Mkuu wa Hoteli,
Nyali, Mombasa.

MINT: MALIPO YA KAZI YA UCHORAJI, NA JUMATATU ILE

Nawaandikia kwa heshima, na heshima hiyo nimeishika kwa mikono miwili isiniponyoke.

Ankara yangu mnayo. Utaratibu wa kulipa ndani ya siku 30 ni wenu, mliuandika wenyewe, mimi nilitia saini tu. Leo ni siku ya 74. Kazi hamkuilalamikia hata mara moja: nembo mmeitundika langoni, menyu ziko mezani, na ukuta wa mapokezi ndio mnaowapigia wageni wenu picha. Basi sitawaeleza mnayoyajua. Nitawaeleza ya Jumatatu.

Niliingia saa tano asubuhi kwa mlango wa mbele, ankara mkononi na mkoba wa vifaa begani, kwani nilikuwa natoka kazini Kongowea. Meneja wenu wa zamu akanitazama viatu. Vilikuwa na rangi. Akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye viti vya wageni: "Mafundi rangi hupitia jikoni." Nikamwambia ukuta ulio nyuma yake nimeuchora mimi, na nimekuja kuulizia salio. Hakunijibu. Alimwita askari, akamwambia anipekue kwa sababu "vitu vinapotea". Mkoba wangu ukamwagwa sakafuni, mbele ya ukuta nilioufanyia kazi usiku 19.

Ukuta huo mliponipa ulikuwa unatoa chumvi. Bahari iko hatua chache tu, na aliyenitangulia alikuwa amepaka rangi ya plastiki juu ya lipu isiyokauka. Ningepaka juu yake nichukue pesa zangu niende, na kusi isingeisha kabla haujaanza kubanduka. Niliukwangua, nikasugua chumvi kwa brashi kavu, nikangoja siku nne, ikatoka tena, nikasugua tena. Kwa hilo sikuwatoza hata senti. Nilifanya kazi kuanzia saa nne usiku, wageni wakishatulia, hadi saa kumi, kisha matatu, kisha feri ya alfajiri kurudi kwangu Likoni.

Mlitaka mgeni akiingia apokewe na leso iliyochorwa ukutani. Leso ina pindo la kuizunguka, ina mji, yaani mchoro wa katikati, ina jina, yaani maneno yake, na kila kimoja kina kazi yake. Pindo la korosho peke yake lilinila usiku sita. Pindo huharibika kwenye pembe: korosho inakatika katikati, na kila mtu anaona kuwa mchoraji aliishiwa na nafasi. Nilipima kwa uzi wa chaki, nikaanza kuzipunguza upana kidogo kidogo tangu mbali, mpaka zikafika kwenye pembe zikiwa nzima na zikageuka pamoja. Nendeni mkatazame. Pembe zote nne.

Kisha tazameni mikoba ya duka lenu la zawadi.

Hili lilitangulia Jumatatu ile kwa wiki mbili, nalo ndilo lililonifanya nije mwenyewe badala ya kupiga simu ambayo haipokewi. Mteja wangu mmoja, mama wa Kibokoni, aliniletea mkoba wa kitambaa alioununua kwenu kwa shilingi 1,800. Mchoro ni wangu. Pindo limekatwa upande mmoja ili lienee, mji umechapwa kichwa chini, na jina nililoandika ukutani, MGENI NJOO MWENYEJI APONE, kwenye mkoba limekuwa MWENYEJI APONDE. Mombasa watu huisoma leso kabla ya kuuliza bei. Mama yule aliniuliza, kwa upole kabisa, kama ni mimi niliyeandika vile. Nina miaka 16 katika kazi hii na sijawahi kuulizwa swali kama hilo.

Najua Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasemaje, msije mkanisomea. Kazi ya kuagizwa huwa ya aliyeiagiza, pasipokuwa na makubaliano mengine. Lakini makubaliano yapo. Kifungu cha 6 cha mkataba wetu kinasema haki zote ni zangu hadi salio lilipwe lote, na kwamba kuchapa mchoro kwenye bidhaa za kuuza kunahitaji idhini yangu ya maandishi na asilimia 20 ya mauzo. Idhini sikuwapa. Na sheria hiyohiyo inampa msanii haki ya kutambuliwa kwa kazi yake na ya kupinga isiharibiwe, hata kama hakimiliki imehamia kwa mwingine. Saini yangu ilikuwa chini ya ukuta, mkono wa kulia, ndogo kama kidole gumba. Mmeipaka rangi nyeupe.

Kuna na kodi. Kwenye malipo ya kwanza ya shilingi 74,000 mlikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, shilingi 3,700. Cheti chake hakijaonekana kwenye iTax, mfumo wa kodi wa mtandaoni. Pesa hizo ziko wapi?

Narudi Jumatatu, kwa sababu nilipoandika pale juu niliandika kwa haraka, nikapunguza. Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mwanafunzi wangu, kijana wa miaka 17, ambaye nimemwambia mara nyingi kuwa uchoraji ni kazi ya heshima. Alisimama pale akasikia "mafundi rangi hupitia jikoni". Fundi rangi si tusi. Tusi ni vile ilivyosemwa. Askari alisita, akaniambia kwa sauti ya chini, "Samahani dada," na meneja akamhimiza amwage vyote. Vikaanguka brashi, uzi wa chaki, kitambaa, penseli, chupa yangu ya maji, na pedi, mbele ya wanaume wasiokuwa na uhusiano wowote nami. Wageni wawili walisimama wakaondoka. Hakikupatikana kitu cha hoteli, maana hakikuwapo. Hakuna aliyeinama kunisaidia ila yule kijana. Alipiga magoti akiokota, huku anarudia, "Dada, twende zetu. Twende zetu." Tukatolewa kwa mlango wa jikoni.

Nilipokaa kuiandika barua hii nilikuwa nataka salio tu. Sasa siwezi kuishia hapo.

Nataka shilingi 111,000 zilipwe zote, na cheti cha kodi. Nataka mikoba yote yenye mchoro wangu itolewe dukani leo, si mwisho wa mwezi, na nipewe hesabu ya iliyochapwa na iliyouzwa pamoja na asilimia 20 yangu. Saini yangu irudi mahali pake. Nitairudisha mwenyewe, kwa kuingilia mlango wa mbele. Na meneja wa zamu aniombe radhi palepale mapokezini, mbele ya wafanyakazi waliokuwapo, na amwombe radhi kijana wangu kwa jina lake. Barua ya radhi iliyoandikwa na karani siitaki.

Nawapa siku saba tangu mtakapoipokea barua hii. Siku ya nane nitakuwa Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Deni langu ni chini ya shilingi milioni moja, kwa hiyo ni mahali pake, na sihitaji wakili kusimama pale. Ya mikoba nitayapeleka kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, mkoba wenyewe ukiwa kielelezo. Picha za ukuta ninazo za kila usiku, kuanzia ulipokuwa na chumvi. Na wasanii wenzangu wa mji huu, wa leso, wa matatu, wa milango ya nakshi, nitawaonyesha ankara yangu na tarehe yake kabla hamjawapigia simu kuwapa kazi.

Brashi yangu namba sifuri iliviringika chini ya meza ya mapokezi, upande wa kushoto, na sikuruhusiwa kuifuata. Ninaidai nayo.

Wenu,
Msanii wa ukuta wa mapokezi,
Likoni, Mombasa.