Mke wangu anachora mistari kwenye chupa yangu

Shangazi, shikamoo.

Ni saa kumi alfajiri na sijapata hata lepe la usingizi. Nina hasira, nisamehe nikirukaruka.

Jana Alhamisi nilitoa chupa yangu ya pombe kali kabatini nikaona kitu kwenye lebo. Mistari mitatu ya kalamu ya buluu, myembamba, imeshuka kama ngazi. Pembeni kaandika J3, J4, J5. Ule wa J5 umekaribia kitako cha chupa. Miaka kumi na tisa ya ndoa, leo napimiwa kama kijana wa dukani anayeshukiwa wizi! Hakuuliza, hakugomba. Kachora, kairudisha chupa, lebo akaigeuzia ukutani.

Mimi si mlevi, Shangazi. Mlevi unamjua. Mimi sijawahi kuokotwa mtaroni, ada za watoto nalipa, kazini sichelewi. Nakunywa kwangu, usiku, nikishamaliza shida za watu wote.

Ila kwa kuwa kanichokoza, nikapiga hesabu. Uingereza wanashauri mtu asizidi vipimo 14 kwa wiki, kipimo kimoja kikiwa mililita 10 za kilevi kitupu, na bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 peke yake ni viwili na nusu. Pombe kali ya asilimia 40, chupa ya mililita 750, ni vipimo 30. Na mistari yake inasema chupa inaniishia kwa siku tatu. Nilirudia hesabu mara mbili, nikazima simu. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2023 likasema hakuna kiasi kisicho na madhara. Sasa mtu apunguze mpaka wapi?

Daktari alikuta presha 160 kwa 100, akauliza nakunywa kiasi gani. Nikasema bia mbili, wikendi. Mke wangu alikuwa amekaa hapo hapo, akatazama sakafu. Labda kalamu ilianzia siku ile. Lakini si angeniambia kwa mdomo?

Basi jana nikasema nitamkomesha. Tone lililobaki nikalimwaga kwenye sinki mbele yake. Akaendelea kukunja nguo. Kufika usiku mikono inatetemeka, kikombe cha chai nakishika kwa viganja viwili kama mtoto, shati limelowa, moyo unakwenda mbio. Saa saba nikanyata hadi kwenye gari, nina kichupa cha akiba huko. Mafunda mawili, nikatulia. Nimesikia wapo wanaoanguka kifafa wakiacha ghafla, ni kweli? Mtu hupunguza kidogo kidogo mwenyewe, au lazima arudi kwa daktari aseme ukweli? Hilo nalipitia tu, silo lililonifanya niandike.

Lililonifanya niandike ni mistari. Nimwambieje aache kunichora? Sitaki kuacha kabisa, nataka kupunguza, tena kwa hiari yangu, si kwa kuchungwa. Ingawa bila kalamu yake ningekuambia ni chupa moja kwa wiki, na ningeapa.

Naomba ukiichapisha barua hii, ile habari ya mikono na ya kichupa cha kwenye gari uitoe. Mke wangu anakusoma kila wiki.

Wako,
Niliyepimiwa