Tuandikieni ufundi wa brashi ya upepo kwa Kiswahili

Mhariri,

Mimi ni mpaka hina wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu. Kazi ya hina nimeifanya miaka 22. Leo nakuandikia kwa ajili ya kazi nyingine, niliyoianza mwaka jana kwa woga mkubwa: kupuliza rangi kwenye vijahazi vya mfano kwa brashi ya upepo, kile chombo kidogo kama kalamu kinachorusha rangi kwa nguvu ya hewa.

Nina ndugu yangu mdogo anayechonga vijahazi hivyo. Kimoja hakizidi sentimita 40 kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, lakini mkuku wake upo, mataruma yapo, mlingoti na foromali vipo. Mpaka kimtoke mkononi, wiki tatu zimekwisha. Miaka yote alikuwa akivipaka kwa brashi ya kawaida, na hapo ndipo kazi yake ilipokuwa ikiharibika. Mchirizi wa unywele mmoja wa brashi kwenye kijahazi ni sawa na ufa wa kiganja kizima kwenye jahazi lenyewe. Halafu kuna deheni. Yeyote aliyefika Matondoni akaona chombo kimepwelewa ufukoni ajua kwamba chini hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, na kwamba chombo kikishatembea, weupe ule haukai na mstari ulionyooka. Hufifia kidogo kidogo ukaingia kwenye wekundu wa mbao. Kufifisha rangi namna ile kwa brashi ya nywele ni taabu tupu. Brashi ya upepo yaweza.

Basi akainunua Mombasa pamoja na kompresa, mashine ndogo ya kubana hewa yenye tanki, ikaja kwa basi hadi Mokowe, na kwa boti hadi kwetu. Akanikabidhi mimi, kwa kuwa mkono wangu umezoea mistari myembamba. Ikakaa chini ya kitanda changu miezi miwili.

Nataka niueleze woga ule, Mhariri, kwa sababu ndio ulionifanya nishike kalamu. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi moja ya maelezo, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kichina. Palikuwa na mchoro wa vipande zaidi ya 20, kila kimoja na nambari yake, na hapana hata kimoja nilichoweza kukitaja kwa jina. Nilipompigia simu muuzaji alinijibu mbio mbio, maneno ya kigeni matupu, nikasema ahsante nikakata bila kuambulia kitu. Nikaenda kuuliza kwenye chuo kimoja cha ufundi, nikaambiwa kupuliza rangi ni kazi ya wanaume wa gereji, mwanamke wa hina aitakia nini. Nikarudi nyumbani nikijiona mimi ndiye mwenye kosa.

Kisha mkono. Unapopaka hina, ncha ya koni inagusa ngozi, na kidole kidogo kimeegemea mkono wa bibi harusi. Ngozi yenyewe inakuambia umefika wapi. Brashi ya upepo haigusi kitu. Iko hewani, rangi yatoka kama mvuke, na mkono hauna pa kuegemea. Siku ya kwanza kompresa iliponguruma ukumbini, vidole vyangu vilitetemeka hata ndugu yangu akanishika kifundo cha mkono. Na kikombeni mlikuwa na maji tu, hamna rangi hata tone. "Usiche, dada," akaniambia, "ni mai tu."

Laiti ningekaa na maji yale wiki nzima. Siku ya tatu tu nikachukua kijahazi kilichokwisha kuchongwa, nikatia rangi nyeupe niliyoizimua kupita kiasi, nikaisogeza brashi karibu mno. Rangi ikatawanyika ubavuni ikafanya miguu miguu, kama buibui aliyekanyagwa. Nilipoona vile nikashikwa na hofu, nikazidi kuuvuta ulimi, pale pa kubonyeza, badala ya kuuachia. Kumbe ncha ilikuwa imekaukiwa rangi kwa joto la hapa kwetu. Ikaziba, kisha ikazibuka kwa ghafla, tone zito likaangukia jicho la omo, lile duara ambalo ndugu yangu alilichonga siku nzima. Hakusema neno. Alichukua msasa akaanza kusugua, nami nikaingia ndani nikalia.

Ningeambiwa mambo manne matano kwa lugha yangu, kijahazi kile kingepona. Ningeambiwa kwamba ule ulimi wa juu una kazi mbili: ukiubonyeza chini watoa upepo, ukiuvuta nyuma watoa rangi. Upepo hutangulia, rangi hufuata. Na wakati wa kumaliza, rangi hufungwa kwanza, upepo mwisho. Mkono uanze kwenda kabla rangi haijatoka, upite ubavu wote hadi nje, ndipo uachie. Na rangi isiwe kasimile, lile tui zito la kwanza, iwe tui la pili. Hili la tui nimeliona mwenyewe jikoni, na kila mwanamke wa pwani anayepika wali wa nazi atalielewa mara moja. Kwenye video za Kiingereza husema iwe kama maziwa, na maziwa yako ya kila namna. Presha twaiweka paundi 15 hadi 20. Tukizidisha, rangi hufika kwenye mbao imeshakauka, ukipitisha kidole inakwaruza kama ukuta wa chokaa.

Na maji! Hewa ya Lamu ina unyevu mwingi. Kompresa ikiibana, maji hujikusanya kwenye mpira wa kupitishia hewa, kisha hutemwa juu ya rangi mbichi. Kipo kikombe kidogo cha kunasa maji kinachofungwa kwenye mpira huo. Sisi tuliuziwa mashine bila hicho kikombe, wala hatukuambiwa kipo. Sasa tunacho, na huwa napuliza asubuhi na mapema baada ya swala, kabla kaskazi haijaanza kuleta vumbi kiwandani.

Kuhusu kifua sitanyamaza. Mwezi wa kwanza nilipuliza ndani, mlango umefungwa, ili majirani wasione ninavyoharibu. Nilikuwa nikipenga kamasi nyeupe. Muuzaji alikuwa amesema rangi za maji hazina madhara. Rangi ya maji ikishakuwa mvuke huingia mapafuni kama nyingine yoyote, na anayepuliza avae barakoa nzuri, afungue mlango, watoto wakae mbali. Hili peke yake lilitosha kuchapishwa gazetini.

Mazoezi yangu niliyafanyia juu ya kurasa za gazeti lako. Nilitia nukta ndani ya kila herufi O ya vichwa vya habari, kisha nikavuta mistari chini ya kila sentensi ya ukurasa wa kilimo. Zilipita wiki sita ndipo nukta ikakubali kukaa ndani ya O bila kuvuka ukingo.

Ndiyo maana ombi langu lahusu ukurasa. Wakulima mnawaandikia kila wiki, na ni haki yao. Tupeni nasi watu wa kazi za mikono hata robo ukurasa, muwaulize mafundi wenyewe, na muyaandike kwa maneno tunayoyatumia. Sisi wawili tumekwisha kuyapanga yetu: sindano ni ule uzi wa chuma wa katikati, mdomo ni tundu la mbele, ulimi ni pa kubonyeza, kikombe ni pa kutilia rangi. Tangu nilipovipa vile vipande majina, naifungua brashi peke yangu, naiosha, naichomoa sindano taratibu isije ikapinda ncha, naifunga tena bila kumwita mtu. Mkono ulitulia baada ya hapo.

Neno moja limetushinda. Rangi inapopulizwa, nyingine hupita pembeni ya kijahazi ikatua mezani, kwenye mkeka, hata kwenye nyusi. Sisi twaiita vumbi la rangi, ila jina hilo halituridhishi, kwani vumbi hupanguswa na hii haitoki. Msomaji yeyote, wa gereji au wa jahazi, wa Lamu au wa Malindi, mwenye jina lake, naomba aliandike hapa. Kijahazi cha saba kiko mezani, nacho kesho nakipuliza deheni.

Mpaka hina,
Langoni, Lamu