Kabla Hujatia Saini

Ifakara, 18 Mei

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mavuno ya mpunga yameanza na mgongo wangu unajua.

Jana usiku baba yako mdogo alinipigia simu kutoka Thiruvaiyaru, kule kwao kusini mwa India. Anasema karatasi za kuuza shamba ziko tayari, imebaki saini yako tu, na wewe umemwahidi kuituma wiki hii. Nakuomba usubiri, mwanangu. Hilo shamba hujawahi hata kulikanyaga likiwa na maji.

Mimi nilifika pale Januari 1996, bi harusi mgeni, Kitamil sikijui. Asubuhi ya kwanza bibi yako aliniletea bakuli la wali uliolala majini usiku kucha, ukatiwa mtindi na chumvi, na vitunguu vidogo vyekundu pembeni. Kumbe kiporo! Wao huita pazhaya soru, wali wa zamani. Tukakaa barazani, marehemu baba yako akitafsiri, bibi akaniambia: ukiwa shambani ni nel, ukishakobolewa ni arisi, ukiiva ni soru. Nikamjibu: mpunga, mchele, wali. Akayarudia moja moja, "mchele" ikamshinda, akacheka akanishika mkono. Mpaka leo akipokea simu yangu, neno lake la kwanza ni "mpunga".

Alfajiri nilimkuta mlangoni ameinama, unga wa mchele kati ya kidole gumba na cha shahada, anauachia kidogo kidogo ardhini. Alitangulia kupanga nukta, kisha mstari mmoja ukazizunguka bila kukatika mpaka ukarudi ulikoanzia. Hilo ndilo kolam. Kufika saa nne sisimizi walikuwa wamekula nusu yake. Nilitaka kuwafukuza, akanizuia. Na wao ni wageni wake, alisema.

Wiki ile ile ikaja Pongal, sikukuu yao ya mavuno. Mchele mpya, maziwa na sukari guru vikapikwa nje kwenye chungu kilichofungwa majani ya mmea wa manjano, ile bizari, shingoni, na kilipofurika nyumba nzima ikapiga kelele, "Pongalo Pongal!" Kesho yake ikawa zamu ya ng'ombe: walioshwa, wakapakwa rangi kwenye pembe zao, wakavishwa mashada. Nimekulia kwenye mpunga, lakini sikuwahi kuona mkulima akimshukuru ng'ombe wake namna ile.

Sikatai kuwa kilimo kinawatesa. Thiruvaiyaru maana yake ni mahali patakatifu pa mito mitano, lakini Januari 2017 jimbo zima la Tamil Nadu lilitangazwa kuwa na ukame. Tulikuwa pale. Baba yako aliingiza mguu kwenye ufa wa jaruba, ukazama hadi kifundoni, akasimama hivyo muda mrefu bila kusema neno. Baba yako mdogo ana madeni ya miaka ile mpaka sasa. Usimwone msaliti, amechoka.

Ninachokuomba ni kuona kwanza. Bwawa la Mettur, lililoanza kazi mwaka 1934, kwa desturi hufunguliwa tarehe 12 Juni. Maji huchukua siku chache kushuka na mto Kaveri hadi Kallanai, lile tuta la mawe ambalo wenyewe husema mfalme Karikala alilijenga yapata miaka 2,000 iliyopita, na ambalo hadi leo hugawa maji kwenda kwenye mifereji ya mashamba. Malango yakifunguliwa, watu humwaga maua na mbegu za mpunga majini. Baba yako alikuwa akilisimulia hilo hapa Ifakara kila mvua ikichelewa, sauti yake ikibadilika, nami nikajua hayupo tena na sisi chumbani.

Basi omba likizo ya Juni. Simama pale Kallanai na baba yako mdogo, kisha mfuate mpaka kwenye ekari yetu moja na nusu, uvue viatu uingie. Wanawake watakuwa wanaotesha miche ya kuruvai, zao la kwanza la msimu. Waombe fungu moja upandikize mwenyewe. Ukishafanya hivyo na bado ukasema tuuze, nitakubali, na baba yako mdogo nitamwambia mimi mwenyewe.

Usiku utalala kwa bibi. Anasikia kwa shida sasa, kwa hiyo kaa karibu naye. Mwite Paatti, mguse miguu ukiingia na ukiaga, na akikupa kiporo ule kwa mkono.

Mchukulie karafuu za Zanzibar, robo kilo inatosha. Hutafuna tambuu yake na karafuu kila baada ya mlo, na za duka la kwao anasema hazina ukali.

Mama yako